Grafu inasema laini iko tupu, ofisi inalia intaneti nzito. Naomba ushauri

Mlinzi_wa_Swichi: Wakuu, nisaidieni. Nasimamia mtandao wa kampuni ya mizigo huku Changamwe, Mombasa, swichi na ruta 300 na ushei. Zote nazisoma kwa SNMP (njia ya kuviuliza vifaa vya mtandao hali na takwimu zao) kila dakika 5. Grafu ya laini ya nje iko chini, lakini simu za malalamiko haziishi na meneja ameanza kuniangalia vibaya. Nimweleze vipi aelewe tatizo ni kompyuta zao?

Bi_Kizingo: Mwanangu, kwanza neno la siri la SNMP bado ni "public"? Matoleo ya 1 na 2c yanalipitisha wazi, yeyote anayenusa mtandao analisoma. Hamia la 3. Vijana hamsikii.

Baharia162: Heri wewe una grafu. Sisi tulitegemea trapu tu, yaani taarifa ambayo kifaa chenyewe hutuma kikipata hitilafu. Poti ya ghalani ilianguka, trapu ikapotelea njiani, na UDP inayoibeba haihakikishi kama imefika. Aliyetuambia ni bawabu.

Feri_Saa_Mbili: Hiyo laini ni feri ya Likoni, kwenye karatasi nafasi ipo 😂

Kaunta64: Laini kasi gani? SNMP toleo gani?

Mlinzi_wa_Swichi: Toleo la 1, halijawahi kunisumbua. Laini ilikuwa megabiti 100.

Kaunta64: Ilikuwa?

Mlinzi_wa_Swichi: Mwezi jana tuliwekewa gigabiti 1. Hilo halihusiani. Grafu ilishuka baada ya hapo, maana yake hatuihitaji. Nishaandika barua mtoa huduma atushushe hadi megabiti 200. Pesa ya watu ni amana.

Kaunta64: Shekhe, izuie hiyo barua! ifInOctets, kihesabio cha data inayoingia unachokisoma, ni biti 32, ikijaa inaanza tena sifuri. Kwa megabiti 100 hujaa karibu dakika 6, ulikuwa unaiwahi kuisoma kabla haijajaa. Kwa gigabiti ni sekunde 34, inajaa mara kadhaa kabla hujaisoma, kwa hiyo unachokiona ni mabaki. Soma ifHCInOctets ya biti 64. Toleo la 1 haliiwezi, tumia 2c au 3.

Mlinzi_wa_Swichi: Mbona jana ilifika 140?

Mpwa_wa_Nyali: Umejikaanga mwenyewe. Biti 32 kwa dakika 5, grafu haipiti megabiti 114. Piga hesabu. Kampuni haipo, hadithi hii umeitunga.

Feri_Saa_Mbili: Nilishuku. Mtu wa Changamwe analalamikia malori, si intaneti.

Mlinzi_wa_Swichi: Nitunge nipate nini? 140 ni kuingia na kutoka, grafu yangu inajumlisha.

Kaunta64: Basi yawezekana. Barua iko wapi?

Mlinzi_wa_Swichi: Kwa meneja, inangoja sahihi. Lakini 200 zatutosha.