Mtoto anayechanganya herufi: tumsaidieje nyumbani?

Mama wa Langoni, Lamu:
Assalamu alaikum. Mwanangu wa miaka 9 husimulia ngano za bibi yake bila kukosa neno, lakini akipewa kitabu huchanganya "b" na "d", kisha hulia. Wataalamu wamethibitisha kwamba ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na upungufu wa akili. Naomba ushauri.

Mwalimu, Shela:
Waalaikum salaam, dada. Mbinu ya daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham, iliyoanza Marekani katika miaka ya 1930, humfundisha mtoto kwa kuona, kusikia na kugusa kwa pamoja. Basi aandike herufi kwa kidole mchangani huku akitamka sauti yake, na asihamie "d" mpaka "b" imkae. Silabi za Kiswahili zinamfaa, kwa kuwa husomwa kama zinavyoandikwa. Dakika 15 kila siku zatosha.

Baba wa Mkomani:
Nami naongeza: andikeni maneno anayoyasimulia mwenyewe, kisha ayasome. Binti yangu alisoma bila machozi, kwa mara ya kwanza, sentensi aliyoisema juu ya punda wetu. Mwalimu wake naye aelezwe, ili asimlazimishe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake.