Armagnac: mizabibu imerudi, je, brandi nayo imerudi?

Mwanagenzi: Ndugu wanajukwaa, nasoma habari za Armagnac, kusini-magharibi mwa Ufaransa, ambako brandi imekenekwa tangu zama za kati. Naelewa kwamba wadudu wa filoksera waliangamiza mashamba yake mwishoni mwa karne ya 19. Ikiwa vilima vile leo vimejaa mizabibu tena, kwa nini brandi yake bado ni kidogo mno ikilinganishwa na ya Cognac, eneo jingine la brandi nchini Ufaransa?

Bwana Shamba: Ndugu, mizabibu unayoiona leo siyo ile ya zamani. Aina iliyotawala ilikuwa Folle Blanche. Ilipobebeshwa kwenye mashina ya Kimarekani yanayostahimili filoksera, ilistawi kupita kiasi, vichala vikabanana na kuoza upesi. Mwaka 1898 François Baco alizalisha chotara, Baco 22A, ambayo ilikubali sana mchanga wa hudhurungi wa Bas-Armagnac, upande wa magharibi. Upande wa mashariki, Haut-Armagnac, kwenye udongo wa chokaa, mashamba mengi hayakupandwa tena.

Siwatu: Tusisahau soko. Zabibu nyingi za huko, hasa Colombard na Ugni Blanc, sasa hutengenezwa mvinyo mweupe wa Côtes de Gascogne, unaouzwa miezi michache baada ya mavuno, ilhali brandi hulala miaka mingi kwenye mapipa ya mwaloni kabla ya kumlipa mkulima. Simlaumu anayechagua mvinyo, kwani bila huo mizabibu mingi ingeng'olewa. Lakini kwangu mimi ufufuo wa Armagnac haupimwi kwa ukijani wa vilima. Unapimwa majira ya baridi, pale mtambo wa shaba unaokokotwa kwa gari unapoingia uani kwa mkulima asiye na mtambo wake mwenyewe, moto ukakesha, na brandi changa ikatiririka kwa mkeneko mmoja, kwa kawaida ikiwa na kilevi cha asilimia 52 hadi 60. Cognac hukenekwa mara mbili, ikatoka kali na laini zaidi. Huu mkeneko mmoja huacha ladha nyingi ya zabibu zenyewe.

Mwanagenzi: Nashukuru sana. Je, Folle Blanche bado inapandwa?

Bwana Shamba: Wapo wanaoipanda. Inadai uangalizi mkubwa, ila brandi yake ina harufu ya maua ambayo Baco haiitoi. Tena tangu 2005 brandi iitwayo Blanche d'Armagnac, isiyolazwa kwenye mwaloni, inatambuliwa kisheria. Hupumzishwa miezi 3 tu, hivyo mkulima hupata fedha mapema bila kuuacha mtambo.