Kurasa 11, menyu ileile: naiandikaje mara moja tu?

Mwana_Masoko:
Wakuu, habari za humu. Niko Kilwa Masoko, najifunza kutengeneza tovuti. Mjomba wangu anavusha wageni kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani kuona magofu ya kale, nikamtengenezea tovuti ya HTML tupu (lugha ya kuandikia kurasa za tovuti) yenye kurasa 11: Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, Gereza, Songo Mnara na nyinginezo. Kila ukurasa una menyu ileile juu. Chini kuna namba ya simu ya mjomba na maelezo mafupi ya magofu. Nilikuwa nakopi ukurasa wa kwanza, napesti, nabadilisha katikati.

Balaa lilianzia hapo chini. Niliandika kwamba magofu yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981, na kwamba yako hatarini. Mgeni akamwambia mjomba wakiwa ndani ya mashua kuwa kwenye orodha ya hatari yaliingia 2004 na yalishatolewa 2014. Mjomba hakunigombeza, aliniuliza tu, "Sasa watu wa mbali ndio watufundishe habari za kwetu?" Liliniuma. Nikakesha narekebisha ukurasa mmoja mmoja. Wiki iliyofuata nakuta ule wa Songo Mnara bado una maneno ya zamani.

Sasa anataka niongeze ukurasa wa kisiwa cha Sanje ya Kati. Kiungo kimoja tu kwenye menyu, lakini inabidi nifungue faili zote. Nilijaribu kuvuta menyu kutoka faili jingine kwa JavaScript (lugha inayoendeshwa na kivinjari), ile amri ya fetch, lakini nikibofya faili kwenye laptop menyu haitokei kabisa. Nyie mnafanyaje?

Fundi wa Ligula:
Mdogo wangu, hiyo fetch haijakosea. Ukifungua faili kwa kubofya, kivinjari kinakataa kusoma faili jingine kwa njia hiyo kwa sababu za usalama. Ingefanya kazi kwenye seva, ile kompyuta inayowatumia wageni kurasa. Ila kwa kazi yako mimi ningetumia PHP, lugha inayoendeshwa na seva yenyewe, na karibu kila kampuni ya kuhifadhi tovuti inayo.

Kata menyu uiweke kwenye faili liitwe juu.php. Maelezo na namba ya simu yaweke chini.php. Kisha kila ukurasa uwe hivi (require inaleta faili jingine hapo, `__DIR__` ni folda ya ukurasa wenyewe):

`<?php require __DIR__ . '/juu.php'; ?>`
maandishi ya Husuni Kubwa yanakaa hapa
`<?php require __DIR__ . '/chini.php'; ?>`

Seva inaunganisha vipande kabla ya kumpelekea mgeni, kwa hiyo yeye anaona ukurasa mmoja mzima. Kurasa zenyewe zibadilishe ziishie .php, la sivyo seva haitagusa hiyo mistari. Na kwenye laptop usibofye tena: ukishaweka PHP, ingia kwenye folda, andika `php -S localhost:8000`, ufungue anwani hiyo kwenye kivinjari.

Jambo ambalo wengi wanalisahau: watu wameshahifadhi viungo vyako vya .html, na Google pia. Kama seva yako inatumia programu ya Apache, weka kwenye .htaccess, faili la maagizo ya seva, mstari kama huu wa kuhamishia anwani ya zamani kwenye mpya, kwa kila ukurasa: `Redirect 301 /songo-mnara.html /songo-mnara.php`. Mgeni aliyetumiwa kiungo cha zamani mwaka jana asikute ukurasa haupo.

Binti Mikindani:
Naunga mkono, ila kuna njia nyingine. Mimi natumia Eleventy. Vipande naviandika kwenye laptop, programu inanitolea kurasa zote za HTML tupu, ndizo napandisha. Seva haina cha kuunganisha. Ubaya wake ni kwamba ukibadilisha namba ya simu, kurasa zote zinatengenezwa upya na unazipandisha zote. Kwa kurasa 12 si mzigo. Lakini kama ndiyo unaanza, kaka, anza na PHP, maana hapo utaelewa kinachotokea.

Mwana_Masoko:
Nimekaa nayo tangu jana jioni. Inakubali! Shida moja: kurasa za visiwa nimeziweka kwenye folda yake, huko nembo ya mashua haionekani na menyu inapeleka kwenye kurasa zisizopo. Require nimeshaiandika `__DIR__ . '/../juu.php'`, na maandishi yanatokea.

Fundi wa Ligula:
Umeandika `picha/nembo.png`, siyo? Kivinjari hakijui kama kuna juu.php. Kinaitafuta picha kuanzia pale ulipo ukurasa, yaani ndani ya folda ya visiwa. Anza na mkwaju, ili kianzie folda kuu ya tovuti: `/picha/nembo.png`. Viungo vya menyu vivyo hivyo.

Mwana_Masoko:
Imetokea, kaka. Sanje ya Kati imeingia kwenye menyu kwa mstari mmoja, nikazipitia kurasa zote 12, ipo kila mahali. Na kwenye chini.php nimeandika 1981, 2004 na 2014, nikamsomea mjomba kabla ya kupandisha. Akaniambia niongeze saa za kuondoka mashua.