Je, kipimo cha ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, kiwe lazima kwa kila kijana kabla ya kuruhusiwa kushindana michezoni?

Daktari wa moyo: Kiwe lazima. Kumuuliza kijana maswali na kumsikiliza kwa stetoskopu hakutoshi. Ugonjwa wa kurithi wa kunenepa kwa misuli ya moyo humpata mtu 1 hivi kati ya 500, na wengi hawasikii chochote mpaka wanapoanguka. Ndio uliokutwa kwa Marc-Vivien Foé, mchezaji soka wa Kameruni aliyefia uwanjani Lyon, Ufaransa, tarehe 26 Juni 2003. ECG huwanasa wengi wa aina hiyo. Italia iliiweka kwenye sheria mwaka 1982, na katika mkoa wa Veneto vifo vya ghafla vya wanamichezo vikashuka kutoka 3.6 kwa kila 100,000 kwa mwaka hadi 0.4 ilipofika 2004.

Mtafiti wa afya ya jamii: Daktari, Veneto hawakuwa na wanamichezo wasiopimwa wa kulinganisha nao. Israeli nayo ililazimisha kipimo mwaka 1997, na idadi ya vifo haikubadilika. Tazama pia Uingereza: vijana 11,168 wa soka walipimwa kwa ECG na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kati ya 1996 na 2016. Waliokutwa na ugonjwa hatari ni 42. Baadaye 8 walifariki kwa maradhi ya moyo, na 6 kati ya hao walikuwa wameambiwa wako salama.

Daktari wa moyo: Utafiti wa Israeli ulihesabu vifo kwa kupekua magazeti mawili, na huo ni msingi dhaifu. Wale wa Uingereza walifariki wastani wa miaka 6.8 baada ya kupimwa. Baadhi ya magonjwa haya hujitokeza ukubwani, kwa hiyo kosa ni kupima mara moja na kufunga jalada.

Mpimaji wa ECG: Mnabishana kuhusu sheria, na mimi naona karatasi zinazoharibikia kitandani. Vibandiko vya kifuani huitwa V1 hadi V6. Kosa kubwa ni V1 na V2 kubandikwa juu mno, na hapo mchoro huweza kufanana na ule wa Brugada, ugonjwa wa kurithi wa umeme wa moyo, kwa kijana mzima kabisa. Shuka na kidole kutoka kishimo cha koo hadi kwenye kituta cha mfupa wa kidari. Ubavu ulio pembeni yake ni wa pili. Hesabu kuanzia hapo, ubandike kwenye nafasi ya nne kati ya mbavu, kulia na kushoto mwa mfupa. Kasi ya karatasi iwe milimita 25 kwa sekunde. Kisha msomaji ajue moyo wa mwanamichezo: mapigo 40 akiwa amepumzika si ugonjwa. Wimbi la T, lile la mwisho katika kila pigo kwenye mchoro, lililogeuka kuelekea chini V1 hadi V3 kwa mtoto chini ya miaka 16 ni kawaida. Wanamichezo weusi huweza kuwa nalo hadi V4 bila ugonjwa, mradi mstari wa ST, sehemu ya mchoro iliyo kabla ya wimbi hilo, umeinuka kama kuba. Likigeuka V5 na V6, usilipuuze kwa yeyote.

Mkufunzi wa huduma ya kwanza: Hata karatasi safi haimkingi kijana aliyepigwa na mpira mgumu kifuani, moyo usio na kasoro unaweza kusimama hapo hapo. Kila dakika bila moyo kushtuliwa kwa mashine ya umeme hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Christian Eriksen, mchezaji soka wa Denmark aliyeanguka uwanjani, alipona mwaka 2021 kwa sababu mashine ilikuwa uwanjani. Kijana akianguka bila kuguswa na haitikii, anzeni kukandamiza kifua, sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Msidanganywe na kukoroma au kutikisika kwamba ni kifafa. Hapo ndipo dakika nyingi hupotea. Na mashine isifungiwe ofisini.

Mtafiti wa afya ya jamii: Hilo ningelilazimisha kesho. Lakini Daktari, yule mwenye wimbi la T lililogeuka V5 na V6, eko yake ikiwa safi, anaenda wapi?

Daktari wa moyo: MRI ya moyo (picha ya kina kwa sumaku), kipimo cha mazoezi, kurekodiwa mapigo kwa saa 24, halafu kurudi kila mwaka hata kama vyote ni safi, maana wimbi lile huweza kutangulia ugonjwa kwa miaka. Nakubali sheria ianze na hilo: pasipo njia ya kumfikisha kijana huko, na msomaji aliyefunzwa mioyo ya wanamichezo, upimaji usianze.