Wenye kolaitisi na Crohn: mnakula nini, mmeacha nini? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada
Habari zenu wapendwa. Nina kolaitisi ya vidonda, yaani utumbo mpana unavimba na kutoka vidonda, mwaka wa 6 huu. Kabla ya kupimwa kwa kamera nilitibiwa amiba mara nyingi, huku naharisha damu na kamasi. Siku nilipoambiwa jina la ugonjwa, nilimuuliza daktari jambo moja tu: nisile nini? Akanijibu kwamba hakuna chakula kimoja kilichothibitika kuuleta wala kuuponya, kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayoushambulia utumbo. Sikuridhika. Nikaanza kukata mwenyewe: pilipili, maharage, maziwa, nyanya, nyama, chai. Nikabaki na wali mweupe na ndizi za kuchemsha. Nilipungua kilo 11, mtaani wakanong'ona kwamba nimeungua, yaani nina Ukimwi. Nikikumbuka leo, naona woga ulinikondesha kuliko kuharisha.

Sasa tumbo likichachamaa nakula ugali wa sembe, mtori laini, samaki wa kuchemsha. Likitulia narudisha mboga kidogo kidogo, aina moja kwa wakati, naandika kwenye daftari. Dona inayosifiwa na kila mtu, mimi siku za kuharisha inanisokota vibaya. Wenzangu mnafanyaje?

Wa Mombasa
Pole sana ndugu. Mimi nina Crohn, ndugu wa kolaitisi ila huu unaweza kushika popote kwenye njia ya chakula. Kwangu ni utumbo mwembamba, kule mwisho njia imebana kwa makovu. Adui yangu ni nyuzi na maganda. Nilikula mahindi ya kuchoma, gunzi moja tu, usiku tumbo likajaa kama ngoma, nikatapika, nikalazwa siku 3. Viazi karai na pilipili ya ukwaju kila mtu ananikataza, lakini mimi havijanidhuru. Vitamini B12 inafyonzwa hapo hapo palipoharibika, kwa hiyo nachomwa sindano.

Mama, Leicester
Mwanangu ana miaka 12, Crohn pia. Huku Uingereza walimwanzishia maziwa maalumu ya lishe, wiki 6 hakutia kingine chochote mdomoni isipokuwa maji. Sisi tukipika pilau alikuwa anapanda chumbani na kufunga mlango. Nikaacha kupika pilau. Bibi yake Zanzibar akipiga simu, la kwanza ni "mjukuu wangu kala nini?", na nilishindwa kumweleza kwamba kutokula ndiyo dawa yenyewe. Wiki ya 4 damu ilikoma, akaanza kuongezeka uzito. Siku aliyoruhusiwa chakula aliomba wali na mchuzi wa kuku. Nililia jikoni.

Wa Morogoro
Mimi nilikosea, naomba mtu mwingine asirudie. Mama mkwe aliniletea shubiri na mwarobaini, akasema dawa za hospitali zinanichoma utumbo. Sikuweza kumkatalia, nikaacha vidonge miezi 4. Kumbe utomvu wa shubiri unamharisha hata mtu mwenye afya njema. Damu ilirudi, nikaongezewa chupa 2 za damu. Baadaye nilimwambia, "Mama, nashukuru, ila hii siwezi tena." Alinyamaza, kisha akaniuliza anipikie nini. Tangu siku hiyo makande ya kwake ananitolea pembeni, ananichemshia viazi na kuvipondaponda.

Wa Dodoma
Maziwa yalinishinda, mtindi unakaa. Mwingine atakuambia kinyume.

Mwanzisha mada
Asanteni, nimesoma huku machozi yananilenga. Wa Morogoro, hongera kwa kusema na mama mkwe, mimi bado wifi yangu sijamwambia, msibani najifanya nimeshiba. Wa Mombasa, na embe je? Umeliacha kabisa?

Wa Mombasa
Sijaliacha. Nalisaga, nachuja kwa kitambaa mara mbili, nakunywa. Jaribu nusu glasi, siku ambayo huna safari.