Klachi mpya ya Mustang inateleza, naombeni ushauri

Mzaramo wa Houston: Wakuu, heshima yenu. Mustang GT ya 2012, V8 lita 5.0, gia za mkono. Juzi nimefunga klachi ya nguvu, ile ya wapenda mbio. Sasa nikiwa gia ya nne nikikanyaga mafuta, mshale wa mzunguko unaruka, gari liko palepale, na harufu kama breki zimeungua. Nianzie wapi?

Kobe Mwendokasi: Hiyo hela ungepata kiwanja Kibaha.

Dereva Mstaafu: Toa upepo kwenye mfumo wa klachi.

Fundi Spana: Mzee, upepo unafanya gia zigome kuingia. Hii inateleza. Mleta uzi, flaiwili, lile duara la chuma ambalo pleti ya klachi inajibana nalo, uliiskimu, yaani kuisawazisha uso kwa mashine? Na umetembea maili ngapi? Klachi mpya inataka kama maili 500 za mjini, kwa upole, ili pleti na flaiwili zizoeane.

Mzaramo wa Houston: Flaiwili niliifuta vizuri, ilikuwa na madoa ya bluu machache tu.

Fundi Spana: Bluu ni chuma kilichoungua. Maili?

Mzaramo wa Houston: Hamsini na kitu. Jumamosi nilienda nayo kwenye mbio za robo maili, lakini mara tatu tu! Jamaa wa Camaro alikuwa anachonga sana. Hata hivyo nshaagiza ya pleti mbili, hiyo haiwezi kuteleza.

Mama Wawili: Baba watoto na Subaru yake klachi ilikufa Chalinze saa nane usiku, nina mtoto mgongoni. Alikuwa ananiambia "nusu saa tu". Tulipambazuka pale.

Fundi Spana: Ukiikanyaga hivyohivyo na ya pleti mbili utaichoma. Shusha giaboksi kwanza, angalia na sili ya nyuma ya krenki, isije ikawa oili inadondokea pleti.

Mpekuzi: Chai hii. Mwezi wa tatu uliuliza humu mafuta ya giaboksi ya otomatiki, "Mustang yangu". Leo imeota pedali ya klachi?

Kobe Mwendokasi: Sukari tafadhali 😂

Mzaramo wa Houston: Sio chai. Yangu ni otomatiki kweli. Hii ni ya kaka, yuko Dar msibani, anarudi Jumapili.

Mpekuzi: Anajua umembadilishia klachi?

Mzaramo wa Houston: Ya zamani ilikuwa imeshaanza kuteleza.

Fundi Spana: Ilianza kabla hajakuachia funguo, au baada?

Mzaramo wa Houston: Mkuu, nimeuliza klachi.