Kuziba watoto masikio na pamba ndio kuwafundisha uziwi? Tujadili

Wadau, shule zikitaka kufundisha watoto kuhusu uziwi mara nyingi mchezo ni uleule, mwalimu anagawa pamba, watoto wanaziba masikio dakika kumi, wanacheka, halafu "mmejisikiaje?", wote "vibayaaa", somo limeisha. Mimi napinga, tena sana. Mtoto hapo kajifunza kuonea huruma, kuongea na kiziwi hajajifunza. Pamba yenyewe inapunguza sauti tu, wakati mwenye usikivu hafifu mara nyingi sauti anaipata ila maneno hayakamatiki, zile s na f zinapotelea hewani, ndio maana ukimpigia kelele sikioni unazidi kumvuruga. Na aliyezaliwa kiziwi hana cha kukumbuka alichopoteza, ana lugha ya alama yenye sarufi yake, na wala si moja dunia nzima, ya Marekani na ya Uingereza ni lugha mbili tofauti kabisa. Aletwe kiziwi mtu mzima afundishe yeye. Mnasemaje?

Mwl wa awali: Nakupinga nusu mkuu. Mtoto wa miaka saba bila kugusa kitu haelewi, pamba ni pa kuanzia. Afu mbona hamsemi kinga? WHO wanasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unazuilika, masikio yanayotoa usaha, surua, homa ya uti wa mgongo. Na hawa wa hedfoni je? Desibeli 85 (ndio kipimo cha ukubwa wa sauti) masaa 8 kwa siku ndio mwisho, ukipandisha 3 tu muda unakatika nusu, na zile chembe za ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Hilo ndio somo bana.

Kiziwi mwenyewe: Mimi nimepoteza usikivu nikiwa na miaka minne, huo huo uti wa mgongo, na mnajadili mimi nasoma. Kinga fundisheni, ila msiifanye ndio somo zima, mtoto kiziwi aliyekaa hapo darasani ataonekana ni ajali iliyoshindikana kuzuiwa. Mwaka 1880 walikaa Milan, Italia, kwenye mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi, walimu karibu wote wanasikia, wakapitisha lugha ya alama iondolewe mashuleni, mkutano wenyewe umekuja kulikataa azimio hilo 2010 kule Vancouver, Kanada, hesabuni wenyewe miaka. Mnachotakiwa kuwafundisha watoto ni vitu vidogo, niguse bega, washa zima taa, usiongee umegeukia ubao, ongeeni mmoja mmoja. Na lile neno "achana nayo, ntakwambia baadae" wenzangu wakicheka, hilo lilinikata kuliko ukimya wowote.

Mwl wa awali: Hapo kwenye ubao umenishika, nafanya kila siku. Ila nikimleta huyo mgeni, mimi alama sijui hata moja, tutaelewanaje mbele ya watoto arobaini?

Kiziwi mwenyewe: Mwite na mkalimani. Na wewe kaa na watoto, ujifunze nao.